Mama Alikuwa Nyuma Yangu

Juzi nilikwenda kununua godoro. Duka liko hapahapa Nyamityobora, mtaa wa mji wa Mbarara tunamoishi, na magodoro yamesimamishwa wima nje ya mlango yakiwa bado na nailoni zake. Mwenye duka alichana nailoni kidogo ili nijionee sponji, na harufu ile ikanipiga usoni. Harufu ya sponji mpya ni kali, inakwaruza koo. Sikujizuia. Niliinama, nikaweka pua kwenye ukingo wa godoro, katikati kabisa, nikafumba macho. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, wewe nanunua godoro ama mkate?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini? Ningemwambia kwamba kuna mtu nilikuwa namsubiri?

Wa umri wangu, hasa waliokulia kambini, watanielewa nikisema kuna mambo ya utotoni ambayo huwezi kumweleza mtu mzima mwenzako bila kuonekana umerukwa na akili. Langu ni hili. Kwa muda fulani, nilipokuwa mdogo, mama yangu alikuwa akija chumbani kwa mjomba wakati wa mchana. Alipita kulia kwangu, akazunguka nyuma, akanisemesha karibu na sikio. Sharti lilikuwa moja tu, nisigeuke kumtazama.

Tulikaa Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye nyumba ya udongo na mabati, mimi na koko, yaani bibi yangu mzaa mama, pamoja na mjomba wangu, ambaye kwetu huitwa nonko. Tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo ya huko sina la kusimulia, na huwaonea wivu wale wanaokumbuka hata mti mmoja wa kwao. Kumbukumbu zangu zinaanzia Nakivale: vumbi, mahindi, foleni ya maji, na watu wanaozungumza lugha tano kwenye foleni moja. Nonko alikuwa na spika mbili kubwa za mbao alizozitengeneza mwenyewe, amplifaya, na betri ya sola. Jumamosi zilipiga harusini, Jumapili zilipiga kanisani. Siku nyingine zilikaa chumbani kwake zimefunikwa kitenge, na ole wako uweke kikombe juu yake.

Mama aliondoka kabla sijaanza shule. Kaka yangu mkubwa alikuwa amebaki Kongo kwa shangazi yetu, na habari zikaja kwamba huko kumeharibika tena. Mama akasema anakwenda kumchukua, atarudi naye. Alipiga simu akiwa njiani, akaniambia nisimsumbue koko. Halafu simu ikanyamaza. Baadaye walifika watu waliosema gari moja lilichomwa barabarani, na kwamba mama alionekana akilipanda, lakini hakuna aliyemwona akishuka, na hakuna aliyeuona mwili. Kwa shangazi hakuwahi kufika. Kaka alikulia hukohuko.

Hakuna aliyeuona mwili. Maneno hayo yalikaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Kwa kuwa mwili haukuonekana, matanga hayakukaliwa, na kwa kuwa matanga hayakukaliwa, hakuna aliyejua aseme nini. Akina mama wa kanisani walipokuja walisali kwa maneno ya kuzungukazunguka, mara "popote alipo," mara "Mungu anajua." Mimi nilielewa jambo moja tu: Mungu anajua alipo, ila hasemi.

Siku moja, nikiwa darasa la pili hivi, amplifaya ya nonko iliungua, akaamua kuipeleka Mbarara. Koko alikuwa na homa, hakuna wa kukaa nami, basi nonko akanichukua. Fundi wake alikuwa na karakana hapa Nyamityobora, vichochoro viwili tu kutoka ninapoandika haya. Alikuwa Mnyankole mnene aliyewahi kuwa jeshini, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Nonko alimwita Afande, na hata leo simjui kwa jina jingine. Aliiangalia amplifaya, akainusa, akatikisa kichwa, akaanza kuifungua. Mimi nililia njaa. Nadhani alinionyesha kile alichonionyesha ili ninyamaze tu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kidogo ambacho kuta zake zilikuwa zimefunikwa magunia. Spika mbili zilisimama mbele, na katikati yake lilisimama godoro, wima, kama ukuta unaogawa chumba nusu kwa nusu. Ukingo wa godoro ulifika mpaka kwenye kiti.

"Kaa," Afande akaniambia. "Pua weka hapa, kwa godoro. Hapana geuka. Hapana cheka."

Nikakaa. Jicho langu moja liliona spika ya kushoto, jicho jingine ya kulia. Nikasikia kwato. Hazikutoka kwenye spika. Zilitoka mlangoni, nyuma yangu, upande wa kulia, zikawa zinakuja, ng'ombe wengi wa pembe ndefu wakitembea bila haraka, na mchungaji akipiga mluzi mbali kidogo. Mmoja akasimama. Akapumua karibu na sikio langu la kushoto, pumzi nzito yenye kamasi. Niliruka kutoka kwenye kiti nikageuka. Hapakuwa na ng'ombe. Na palepale kwato zikaacha kuwa nyuma yangu, zikaingia ndani ya masanduku mawili ya mbao, zikawa kelele za kawaida.

Afande alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha, kwa kuwa nonko naye aliketi akasikia akatoka mdomo wazi, akatueleza wote wawili, akitumia mikono. "Wewe iko na masikio mbili. Sanduku hii naongea na sikio hii. Sanduku ile naongea na sikio ile. Lakini sauti ni mtundu, navuka. Ya kushoto nakwenda kulia, ya kulia nakwenda kushoto, nachanganyika. Godoro nafunga barabara. Hapana vuka. Sasa sikio nadanganywa, nafikiri ng'ombe iko kweli." Halafu akamuuliza nonko, "Na ile kofia ya maiki nilikupa zamani? Wewe ulirekodi nini?"

Ilikuwa kofia ya sufi yenye maiki mbili ndogo kama maharagwe, zimeshonwa pale masikio yanapokaa. Nonko alikuwa ameiazima muda mrefu uliopita, akairudisha. Alitazama risasi ya kulehemu iliyokuwa ikiyeyuka mezani.

"Nilirekodi dada yangu," akasema. "Ku nyumba, anatwanga sombe. Niliisikia mu simu, nikaona ni makelele ya jikoni tu. Nikaiweka."

"Basi tafuta godoro," Afande akasema.

Mimi nilisikia mazungumzo hayo yote, na ningekuwa mtoto mwerevu kama koko alivyopenda kunisifu, ningeelewa. Lakini redio nilizijua. Redio inaongea kutoka kwenye redio. Wale ng'ombe hawakutoka kwenye sanduku, walitoka mlangoni, na mmoja alinipumulia. Kwa hesabu yangu, godoro lilikuwa linawaita, nao walikuja kweli, ila hawakupenda kutazamwa. Njia nzima ya kurudi, mimi na nonko, kila mtu aliwaza yake.

Ilimchukua muda kupanga chumba. Kuta zetu za udongo na mabati yetu vilirudisha sauti ovyo, kwa hiyo alitundika mablanketi pande zote mpaka koko akauliza tutalalia nini. Godoro lilikuwa lake mwenyewe, la sponji, lililokwishanywea jasho na moshi. Alilisimamisha kati ya spika, akalibana kwa benchi na matofali ili lisilegee. Alisogeza spika huku, akazirudisha kule, akakaa, akasikiliza, akainuka, akasogeza tena. Siku aliyoniita nilimkuta macho mekundu. Nilidhani ni vumbi la mablanketi.

"Kaa fasi hii," akasema, akinielekeza kwenye kigoda. "Pua hapa. Usitikisike. Ukigeuka tu, inaharibika."

Kwanza nilisikia uwanja wetu. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Nilikuwa chumbani, pua kwenye godoro, na uwanja wetu ulikuwa umeingia ndani: kuku, mtoto wa jirani analia mbali, upepo kwenye turubai. Upande wa kulia mtu alikuwa anatwanga. Mchi ulipanda ukashuka, majani mabichi ya muhogo, ndiyo sombe, yakapondeka kwenye kinu. Kisha kutwanga kukakoma, na mtu akatembea, ndala zikikwaruza udongo, akapita nyuma yangu kutoka kulia kwenda kushoto, akimung'unya wimbo wa kanisani ambao maneno yake hakuwahi kuyajua yote. Nilimjua kwa ndala kabla sijamjua kwa sauti. Akamimina maji kutoka kwenye kidumu. Akasimama.

"Sifa," akaniita mama kwa jina langu. "Uko na njaa?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ngoja kidogo. Sombe haiyaiva bado."

Alikuwa nyuma yangu, juu kidogo, pale anaposimama mtu mzima akimtazama mtoto aliyekaa. Kulikuwa pia na kitu kingine kilichogonga meno, kwa karibu mno, kana kwamba kiko kinywani mwangu, lakini sikukijali. Mama akasogea karibu zaidi. Nilihisi nywele za kisogo zikisimama. Nonko akazima.

Alizima hapohapo kila siku. Alisema mbele kidogo kuna kelele mbaya inayoweza kupasua bafle, yaani spika, naye bafle nyingine angeipata wapi. Sikubishana naye. Mama alikuwa amekuja, akaniuliza kama nina njaa, akaondoka. Angekuja tena kesho.

Ndivyo nilivyoanza maisha ya siri, ingawa siri yenyewe kila mtu aliijua. Nilipotoka shule niliosha miguu, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni safi, kwa sababu mama hakupenda mtoto mwenye mavumbi. Nilimwomba nonko awashe. Nilijifunza pale anaponyamaza, nikaingiza maneno yangu humo. Alipotwanga nilimsimulia mwalimu wetu. Alipomimina maji nilimwambia koko anakohoa. Aliponiuliza kama nina njaa, siku nyingine nilimjibu hapana, nimekula, nikaumia alivyosema palepale ningoje kidogo. Nikajiambia kwamba hasikii vizuri kwa sababu ya safari.

Mara moja nilishindwa kujizuia, nikageuza kichwa, kidogo tu, kama mtu anayejikuna bega. Alitoweka. Sauti yake ilitoka nyuma yangu ikaingia kwenye sanduku la kushoto, ikawa nyembamba, ya mtu yeyote. Nililia siku hiyo, nikaamini nimemkosea adabu. Nonko alinieleza habari ya masikio mawili na barabara iliyofungwa, lakini mimi nilijua nilichokijua. Mama hakutaka kutazamwa. Labda alikuwa ameungua usoni. Hilo nililiwaza peke yangu, wala sikumwambia mtu, na naweza kusema leo kwamba sijawahi kuwa mpweke maishani kama nilivyokuwa kwenye kigoda kile, na mama yangu hatua moja nyuma yangu.

Kigoda kilikuwa cha mtu mmoja. Hilo ndilo lililoniuma polepole. Ukikaa pembeni hata kwa upana wa kiganja, husikii mtu, unasikia makelele ya jikoni. Nilimwingiza rafiki yangu wa shule siku moja, tukabanana, kila mmoja na tako moja, na hakuna aliyesikia chochote. Akaniona mwongo, na pale shuleni sifa hiyo ilinifuata. Nonko akikaa yeye, mimi nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo, nikijua dada yake anazunguka nyuma yake na mimi simsikii. Nikikaa mimi, yeye ndiye alisimama mlangoni. Hatukuwahi kumsikia pamoja. Baada ya kumsikia, kila mtu alitafuta kazi ya kufanya.

Koko hakuwahi kukaa. Alikataa tangu mwanzo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na alipopita mbele ya chumba kile aliharakisha. Nilidhani anaogopa. Sasa naona alikuwa amechoka tu, kwa sababu kumngoja mtu ni kazi, na yeye aliifanya mchana na usiku kwa niaba yetu sote.

Jioni moja, tukipepeta maharagwe, aliniambia wazi. "Sifa, batu ba kanisa banaomba tukae matanga. Na mimi ninaona wakati imefika. Ninachoka. Kila pikipiki ikisimama ku njia, moyo wangu inasimama nayo."

"Matanga ya nani?" nikauliza.

"Ya mama yako."

"Mama iko kwa nonko."

Akaweka ungo chini. Nilijua nitachapwa, lakini hakunichapa. "Mule haimo mutu," akasema. "Ni mashini."

"Koko, hujakaa. Ukae umusikie."

Akaokota ungo, akaendelea kupepeta. Lakini kwao, na koko aliishika desturi hiyo kuliko watu wengine, asipokuwepo maiti wa kutazamwa, kilio hufunguliwa na mtoto wa marehemu. Mtoto akilia, wengine hulia. Mtoto asipolia, hakuna mwenye ruhusa, hata mama mzazi. Mwinjilisti wa kanisa letu alijaribu kumwambia kwamba hayo ni ya zamani, waimbe tu, wasali, waende. Koko akamjibu mbele yangu, bila kupandisha sauti, "Siwezi kulia mama ya mutu, na mwenye mama anakatala."

Kwa hiyo ilikuwa juu yangu. Mtoto wa darasa la pili alishikilia kilio cha nyumba nzima, naye hakutaka kukiachia. Kama ningelia, mama angekuwa amekufa, na mtu aliyekufa angewezaje kuja chumbani na kuniuliza kama nina njaa? Walinibembeleza kwa maneno matamu. Jirani yetu Mrundi, Mama Goreth, aliniletea ndizi za kuchoma akaniambia, "Mwanangu, sote tuna watu hatukuwazika." Nilikula ndizi zake, nikasema asante, msimamo ukabaki ule ule. Kichwa changu kilikuwa kigumu, na bado ni kigumu, muulizeni mume wangu.

Koko alipanga siku, akiamini Mungu atanilainisha. Asubuhi yake mabenchi ya kanisani yaliletwa, akina mama wakaweka sufuria za maharagwe motoni, Mama Goreth akaja na kuni kichwani. Watu wakakaa. Hakuna aliyelia. Ukiwaona watu waliokuja kulia nao hawalii, wanaangalia vidole vyao tu, ni aibu kubwa. Mimi niliingia chumbani kwa nonko, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka pua kwenye godoro, nikangoja. Nonko aliingia, akanitazama, akashindwa kunikatalia, akawasha.

Mama alikuwa anatwanga nilipomsikia koko akiingia. Koko nilimjua kwa kikohozi. Nilidhani amekuja kunivuta mkono. Badala yake akasema, "Toka, na mimi nikae."

Nonko alilazimika kumshika kiuno, maana kigoda kilikuwa cha chini na magoti yake yalikuwa mabovu. Akamwekea pua kwenye godoro kwa upole. Akarudisha mwanzo, akawasha. Kisha akaenda dirishani akatupa mgongo, na mabega yake nikayaona yanatikisika.

Nilimtazama koko. Kwangu mimi, pale nilipokuwa nimesimama, yalikuwa makelele ya jikoni tu, kinu na kuku. Lakini uso wake ulianza kufuata kitu. Macho yalikwenda kulia, yakatulia, yakahamia kushoto. Midomo yake ikashika ule wimbo wa kanisani, na pale mama alipokosea maneno yeye akayasahihisha bila sauti. Halafu akainua kidevu, akatazama juu, mwanamke mzee yule, kama mtoto aliyekaa sakafuni.

"Ananisemesha toka juu," akasema taratibu. "Sababu gani ananisemesha toka juu? Na kuna kitu kinagonga mu meno yangu."

Nonko akajibu akiwa bado dirishani. "Ile kofia ilikuwa mu kichwa ya Sifa. Alikuwa amekaa mu kigoda hiki, mutoto mudogo. Nilimupa bombo, anyonye, asiseme."

Pipi. Kile kilichogonga meno siku zote kilikuwa pipi yangu mwenyewe. Sikukumbuka kofia wala pipi, na mpaka leo sikumbuki. Lakini nilielewa, taratibu, nikiwa nimesimama pale na gauni langu safi. Masikio yale yalikuwa yangu. Yeyote aliyekaa kwenye kigoda kile alikuwa anakaa mahali pangu, siku ambayo ilikuwa imekwishapita, akitwangiwa sombe iliyokwishaliwa. Mama hakuwa ananijibu. Alikuwa anamjibu yule mdogo.

Nonko kwa kulia kwake alisahau kuzima. Spika zikanguruma vibaya, zikakwaruza, na koko akashtuka, lakini hakutoa pua. Kisha kupitia mngurumo ule mama akasema maneno ambayo mimi sikuyapata. Na koko akaanza kugeuka.

"Koko, usigeuke," nikasema.

Alikuwa ameshageuka. Alitazama blanketi lililotundikwa ukutani nyuma yake, akalitazama kwa muda mrefu, mikono juu ya magoti. Nilingoja alie. Hakulia, kwa sababu hakuwa na ruhusa. Alijifunga kitenge vizuri, akanyoosha mkono ili nimsaidie kuinuka.

"Kuya ukae," akaniambia. "Mama yako iko na neno anakuambia, na sisi tulikuwa tunamukata."

Nikakaa. Nonko akauliza kama tuna hakika, koko akamwambia awashe na asizime mpaka mwisho. Nikapita njia yote ile niliyoijua: kuku, mchi, ndala, maji. Aliponiuliza kama nina njaa sikumjibu. Nilimwachia yule mdogo, naye alikuwa anagonga pipi tu. Mama akasogea nyuma yangu, karibu, karibu zaidi kuliko siku zote. Nikasikia akivuta pumzi kama anayeinama. Ndipo viganja vyake vikashika masikio yangu yote mawili, mngurumo ukajaa kichwani, na ndani ya mngurumo ule, huku akinivua kofia, mama akacheka kidogo.

"Basi, imetosha," akasema. "Geuka, Sifa, nikupanguse mudomo. Bombo imekujaa mpaka mu masikio."

Nikageuka. Aliyekuwa amenikataza ni nonko, mama hakuwahi kunikataza. Niligeuka mwili mzima, na kigoda, nikatazama juu mahali uso wake ulipopaswa kuwa. Palikuwa na blanketi la kijivu, msumari, viatu vya nonko, na koko amesimama mlangoni akinitazama. Nyuma yangu spika zilivuma kidogo, kisha zikanyamaza zenyewe. Nilimngoja anipanguse mdomo. Nilingoja kweli, nimeinua uso. Hakuna mkono uliokuja, na hapo nikajua kwamba mama amekufa, kwamba alikuwa amekufa siku zote zile nilizojipaka mafuta.

Sikumbuki kuanza kulia. Nakumbuka koko akinijibu. Alitoa sauti ambayo sikujua kwamba kifua chake kidogo kinaweza kuibeba, na huko nje, waliokuwa wakiangalia vidole vyao, wakaipokea.

Alinishika mkono tukatoka. Mwanga ulinichoma macho nikayafumba. Tukakalishwa kwenye mkeka katikati ya akina mama, na kilio kikatuzunguka: koko kushoto kwangu, Mama Goreth nyuma akilia kwa Kirundi, wanawake wa kanisani kulia, nonko mbali kidogo karibu na moto. Niliogopa kusogeza kichwa. Nilikaa nimekaza shingo kama nilivyozoea, nikisikiliza, nikiamini kwamba nikigeuka wote watatoweka. Kisha nikafumbua macho, nikageuka polepole upande wa kushoto. Koko alikuwa pale. Nikageuka nyuma, Mama Goreth alikuwa pale, kitenge kimemdondoka begani. Nikageuka kulia, nikarudi tena kushoto, na hakuna aliyehama.